Mgunga na Buibui wa Shimo

Songea

Mama, nashika miguu yako. Umeamkaje, na kifua je? Mimi mwanao Athumani mwili ni mzima, ila roho imechafuka. Mchuuzi wa chumvi amenifikishia maneno yako jana.

Ati mdogo wangu Issa, aliyepigana na Wadachi, atoke kwenye migunga anakojificha, aje Songea ajisalimishe? Ati Mjomba amesema atapewa jembe na mbegu, tena atamleta yeye mwenyewe? Mama, Mjomba kafanywa jumbe wa Wadachi juzi tu, na tayari anamuuza mpwa wake!

Sikia ninayoyaona huku. Huyu Mdachi ninayembebea mizigo anakusanya majani na wadudu. Maghala yamechomwa, watu wanakufa njaa, naye ananituma nimletee tawi la mgunga na buibui wa shimo! Buibui huyo hatandi juu. Anachimba shimo, analifunika kwa kifuniko cha udongo na nyuzi, hata ukisimama juu yake hulioni. Mdudu akikaribia, kifuniko kinafunguka, anavutwa ndani.

Jumatatu Mdachi aliviweka vyote viwili mezani, akaniuliza huku anacheka, "Athumani, kipi kibaya zaidi?"

Nikamjibu, "Mgunga, Bwana." Nilisema uongo kwa woga. Mgunga miiba yake iko nje, myeupe, mtu anaiona akaikwepa.

Mchana ule ule waliingia bomani kujisalimisha watu wa Lusewa, wameshika mifuko mitupu ya kutilia mbegu. Walikaribishwa vizuri, wakakalishwa kivulini. Kisha lango likafungwa. Asubuhi nikawaona na minyororo shingoni, na wawili wameshanyongwa. Mifuko yao ilikuwa imetupwa pale chini. Mbegu gani hizo? Wadachi hawa washenzi wakubwa!

Issa asije, Mama. Najua miiba inamtoboa miguu, najua analala na njaa. Akija, mimi ndiye nitakayesimama pale na mizigo ya Mdachi kichwani nikimtazama anafungwa.

Nisalimie shangazi. Mke wa Issa mwambie asimwonyeshe mtu njia ya kule, hata ndugu. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayekusomea haya, Mungu amlipe. Mjomba simsalimu.

Mchuuzi anakuletea makubadhi ya ngozi ya nyati, nimeyashona soli mbili. Ni ya Issa. Ayavae, aingie ndani zaidi kwenye migunga.

Mwanao,
Athumani