Salamu Iliyomezwa na Maiki

Chanji, Sumbawanga
Mwezi wa saba

Dada yangu mpenzi Gaudiosa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muze, wewe na mpunga wako na joto lenu ambalo sisi wa huku juu tunalitamani. Mguu unaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio? Hapa kwangu upepo unapenya hadi chini ya mlango, na mimi nashinda nimejifunga blanketi hata dukani.

Najua umenikasirikia. Basil wa gari la Muze alipita hapa akanieleza kwamba umemuuliza kama Polikarp amekatika mikono, mbona haandiki. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Simu haifai kwako tangu masikio yalipozidiwa, na herufi za kwenye simu unasema ni ndogo kama ulezi. Kwa hiyo imebaki barua.

Barua hii, dada, sijaiandika. Nimeisema. Kuna programu ambayo ukizungumza mbele ya maiki, yenyewe inaandika. Niliiweka kwenye kompyuta yangu ya dukani, ile ya Linux ambayo wateja huinung'unikia kwa sababu haifanani na za wenzangu. Nikaapa kwamba lazima inisikie, maana isiponisikia duka la kuchapa nalifunga, na wewe hupati barua tena. Sababu nitaifikia, nivumilie kidogo.

Mwanzoni nilizungumza mpaka koo likakauka, ukurasa ukabaki mweupe. Nikajaribu kurekodi sauti peke yake na kujisikiliza. Kimya. Nilikumbuka nilivyokuwa baada ya kumzika mke wangu Hilaria, naingia nyumbani napiga hodi kwa mazoea na hakuna wa kunikaribisha. Kumbe kompyuta ilikuwa inasikiliza tundu la nyuma lisilochomekwa kitu, wakati maiki iko kwenye USB. Nikaielekeza kwenye USB, bado kimya. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikakuta chini ya nguzo inayoonyesha sauti ya maiki pana herufi M mbili, maana yake imezibwa. Nikaizibua, nikapandisha sauti, mara nikajisikia nikikohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi namna ile.

Lakini furaha haikukaa. Nikisoma matangazo ya wateja, iliandika vizuri kabisa. Nikianza barua yako, maneno ya kwanza yanapotea. Dada yangu hayupo, shikamoo haipo, inaanzia kwenye mguu unaendeleaje, kama mtoto aliyekosa malezi. Nikadhani mashine ina kisa na wewe. Nilipotulia kuisikiliza rekodi, nikasikia kishindo, kisha sauti yangu kwa mbali sana, ikipanda polepole.

Kishindo kilikuwa changu mwenyewe. Wewe ni mkubwa wangu, na sisi hatufungui mdomo mbele ya mkubwa kabla ya kupinda magoti na kupiga makofi. Bila kufikiri nilikuwa nakuamkia kama ulivyonifundisha uani kwetu, kofi kwanza, maneno baadaye. Ile maiki ina mpangilio wa kujipunguza yenyewe ikisikia mlio mkubwa, basi ikishtuliwa na kofi inanywea, na shikamoo yako inamezwa. Mtu mwingine angeacha makofi. Mimi nilizima mpangilio. Shikamoo uliyoisoma hapo juu imetanguliwa na kofi lake, kama unavyostahili.

Sasa sababu. Wakati wa kuvuna maharage nilianguka dukani. Hospitali walisema ni kiharusi. Mdomo umerudi, mguu naukokota, lakini mkono wa kulia umekufa. Umelala pajani kama wa mtu mwingine. Basil alinikuta ndani ya blanketi, hakuona kitu, nami sikumwambia. Jirani yangu Avelina ndiye anayeniletea uji, na ndiye atakayeandika jina lako juu ya bahasha. Alitaka kukuletea habari mapema, nikamkataza. Nilisema utajitesa bure kupanda mlima na mguu huo. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Na lile kofi, dada, ni mkono wa kushoto unaopiga meza.

Siku zote nimekuambia usijisumbue, niko salama. Siko salama. Nyumba imenyamaza mno. Kutwa nzima anayenisikiliza ni mashine, nayo ikishaandika niliyosema inangoja tu niseme tena, haina la kunijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njoo, dada. Nimechoka kukaa peke yangu.

Nisalimie shemeji, na umwambie redio haijawahi kushindwa ubishi na mtu. Majirani wote wa hapo wape salamu zangu.

Ukija na gari la Basil, utanikuta stendi nimeegemea ukuta. Najua kwa masikio yako unategemea kuona mikono inapiga makofi ndipo ujue umeamkiwa. Safari hii utauona mmoja tu, unapiga paja. Usidhani nimesahau adabu. Wewe itikia, dada, kana kwamba yote miwili ipo.

Ni mimi mdogo wako,
Polikarp