Korongo Aliyemchagua Egidius

Nadia weee, siamini! Korongo amemfungia mume wangu bandani saa nzima, mbele ya wageni!

Ni yule jike ambaye Egidius alimlea kule kazini, kwenye kituo cha ndege, tangu akiwa kifaranga. Leo wakubwa wa kituo wamemletea dume kutoka Muyinga ili wazaliane, hata hakumtazama! Akamgeukia Egidius, akatandaza mabawa, akaanza kumchezea ngoma ya uchumba.

Egidius akitaka kutoka, jike anaziba mlango. Nilipokwenda kumfungulia akanidonoa MIMI!

Daktari wa wanyama akasema, "Egidius, huyu ameshakuchagua wewe. Ukibaki hapa Gitega hatakubali dume yeyote."

Nadia, wanamhamishia Egidius Muyinga! Jumatatu! Na tangu turudi kutoka Tanzania ni miaka minne tu, nyumba yetu ya mtaa wa Yoba ndiyo kwanza tumeijenga, kuta hata hazijakauka.

Egidius analia, anasema, "Nikiondoka atanitafuta."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Akafuta machozi, akachukua ndoo ya chakula, akarudi bandani kwa korongo wake.