Jambo Gumu Lililonijenga

Jumatatu, 3 Februari

Fomu ya chuo imetoka. Alama zangu wanazo, vyeti wanavyo, picha ya pasipoti yenye sura ya mtu aliyeibiwa wanayo. Haitoshi. Wanataka na insha: "Eleza jambo gumu ulilopitia na jinsi lilivyokujenga." Lilivyokujenga! Kumbe mimi kiwanja.

Mwalimu wa ushauri nasaha katukusanya maabara, katuambia kila mtu ana kidonda chake, akitafute. Watu wakaanza kujipapasa kama wanaotafuta chenji. Mrefu, ninayekaa naye dawati moja, kaamua bibi yake afe. Bibi mwenyewe mzima, jana tu kamfokea kwa kuacha geti wazi.

Jumatano, 5 Februari

Nimeandika jinsi nilivyojifunza kuogelea. Kurasa mbili, safi. Mwalimu kasoma huku anakunywa chai, kasema ni nzuri ila haina uchungu. Halafu kashusha sauti — ile ya kutembelea wagonjwa. "Na ule muhula uliopotea, je?"

Kwa hiyo anajua. Shule nzima iliambiwa niko kwa shangazi, namsaidia kulea kichanga. Shangazi hana kichanga. Kitindamimba wake ana ndevu. Hadithi hiyo aliitunga Mama, na Mama akisema kitu, kimekwisha.

Nilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili. Basi. Niliacha kula, nikaacha kuoga, mwisho hata kugeuka kitandani.

Jumamosi, 8 Februari

Wameitaka, wachukue. Nimeandika yote bila kupamba: madirisha yasiyofunguka, muuguzi aliyenisuka nywele kwa sababu mikono yangu ilikataa kunyanyuka. Mwalimu kafurahi. Kafurahi! Utadhani kaokota simu. Ila kataka niongeze machozi katikati na mwanga mwishoni. Nikamwambia machozi sikuwa nayo, ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Akasema wasomaji hawatalielewa hilo.

Machozi nimekataa. Mwanga nimetia, sentensi moja: "Leo mimi ni mtu mpya." Uongo mtupu. Ni yuleyule, ila anaoga.

Nimetuma. Mama hajui.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeitwa usaili, niende na mzazi. Mrefu naye kaitwa. Marehemu bibi yake atampigia pasi shati.

Ikabidi nimwambie Mama. Alikuwa kwenye cherehani, anamalizia gauni la mteja. Nikamweleza niliandika nini. Mguu ukasimama. Nilitegemea kelele, nikawa nimejiandaa na majibu makali kabisa. Hakupiga kelele.

"Nilikuficha usije ukaitwa kichaa maisha yako yote," akasema. "Sasa umejiita mwenyewe."

Akaendelea kushona. Majibu yangu makali bado ninayo, sina pa kuyapeleka.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye benchi, korido ya chuo. Ndani wako watatu. Waliniuliza masomo kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi, kisha wakarukia insha. Ujasiri, ujasiri, ujasiri — neno limechakaa kabla ya saa sita. Halafu yule mwenye tai akataka kujua kama hali ile inaweza kurudi, maana bweni si hospitali. Wanakuomba uvue nguo, ukishavua wanashangaa uko uchi.

Nikasema sijui. Ndilo jibu la kweli, na ndilo pekee ambalo hawakuliita ujasiri. Wakaniomba nitoke, aingie mzazi.

Mlango haufungi vizuri. Nasikia.

Mmoja wao, mhasibu wa chuo, kumbe ni mteja wa Mama. Kwanza wamesalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha mhasibu kauliza kwa adabu zote, "Lakini si ulituambia alikuwa kwa shangazi yake?"

Kiti kimelia. Nikajua anatunga nyingine — Mama hashindwi.

"Niliwadanganya," Mama kasema. "Alikuwa amelazwa, nikaona aibu. Aibu ilikuwa yangu, siyo yake."

Mwanamke huyu hajawahi kumwambia mteja hata kwamba gauni limechelewa.

Mwenye tai kamshukuru. Kamwambia ni mama jasiri — na yeye kagawiwa lake. Halafu, bila hata kupumua, kamwuliza kama sasa nimepona.

Mama hajajibu. Nimesogea mpaka mwisho wa benchi, sikio mlangoni, sioni haya. Mhudumu anayepiga deki kaniangalia, kainamia kazi yake.

Bado hajajibu. Na mimi sijawahi kumwuliza swali hilo.