Ngazi Iacheni Ukutani

Wanangu, na wewe Baba Watoto,

Ngazi msiiondoe. Mfereji wa kukinga maji ya paa nimeupigilia upande wa jikoni tu. Upande wa pili unaning'inia kwa waya, msipite chini yake. Pipa lifunikeni. Maharage yapo kwenye sufuria kubwa, yapasheni tu.

Asubuhi sikununa, nilikuwa na misumari mdomoni. Binti yangu, ulipouliza, "Mama, viwanda vinatoa moshi usiku na mchana, wewe unashindana navyo kwa pipa?" ningekujibu vipi? Baba yenu naye akadakia: "Hiyo ni tabianchi, mke wangu, si tabia yako!" Mkacheka hadi chai ikamwagika. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka. Ila mlirudi ndani na kicheko chenu, hakubaki wa kushika ngazi, ikayumba. Nikashuka na kazi nusu.

Najua pipa halitapoza dunia. Lakini bomba lilipokauka mwaka jana, mlionilalamikia ni nyinyi. Mvua iliporudi kwa fujo ikaingia sebuleni, tope tulizoa sote. Haya, nchi ina tabia yake. Na nyumba hii ina yake, ya kungoja wengine waanze.

~~Kesho nitaita fundi, mpumzike.~~

Hapana. Kesho napanda tena kabla sijaenda kazini. Simlazimishi mtu kuamini ninachoamini. Naomba mmoja tu ashike ngazi.

Mama