Sehemu ya Nne Imefika, Kaka Salim

Kaka yangu Salim,

Mama hajambo, na anauliza kama huko Maskati unakula au unapitisha siku kwa chai. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula, kwa hivyo tafadhali usiniumbue. Salamu zimekwisha. Sasa nikwambie kilichonikalisha hapa kibarazani na kalamu: sehemu ya nne ya mchezo wetu, Dola, imefika Mombasa, na watu wameshagawanyika.

Jumamosi nilipita kwenye lile duka la kompyuta kule mjini, nikawakuta vijana mlangoni wanafokeana kama watu waliogombea shamba la urithi. Mmoja anasema mchezo umeharibiwa, waliouunda wamewatupa watu waliokuwa nao tangu mwanzo. Mwenzake anasema afadhali, ulikuwa umechakaa. Nilisimama nikawasikiliza, nikangoja ile hofu ya zamani inirudie. Haikuja. Nikaanza kucheka peke yangu pale njiani, hata muuza kahawa akanitazama kwa huruma. Wewe peke yako ndiye utakayeelewa nilichekea nini.

Ile kompyuta ya kwanza uliileta Chaani kwa mkokoteni, mwishoni mwa miaka ya themanini, imefunikwa shuka jipya la Mama bila ruhusa yake. Bosi wako kule kwenye uwakala wa forodha alikuwa amenunua nyingine, akakwambia uiondoe hiyo kabla hajaitupa. Kioo chake kilikuwa na rangi moja tu, kijani kibichi. Ndani mlikuwa na mchezo mmoja, wa kujenga miji na kupigania bahari, wenye jina refu la Kizungu lililotushinda ulimi. Tukauita Dola, na Dola ikawa.

Mchezo ulikwenda kwa zamu. Wewe unafanya yako, kisha adui anafanya yake, na hakuna anayekuharakisha. Nasi tulikuwa wanne mbele ya kibodi moja, tukafanya lile lililotujia kichwani bila kufikiri: tukagawana ufalme. Wewe ulichukua merikebu na ndiye uliyekuwa ukibonyeza. Otieno, jirani yetu aliyeendesha winchi bandarini, akataka jeshi na hakuna aliyethubutu kumnyima. Mwalimu Kazungu akapewa mashamba, akayasimamia kama anavyosimamia darasa la nne. Mimi ukanipa hazina. "Hakuna anayejua kunyima watu kama wewe," ulisema, na hadi leo sijui kama ulinisifu au ulinitukana.

Na tulikuwa na sheria yetu moja ambayo haikuwa ndani ya mchezo. Kabla ya kufunga zamu ulikuwa ukigeuka na kutuuliza mmoja mmoja, "Radhi?" Asiposema radhi hata mmoja, kidole hakigusi. Zamu moja ilianza baada ya alasiri na adhana ya magharibi ikatukuta bado tunabishana juu ya ngano. Mama akiniita jikoni naitika "Abee!" na siondoki. Majirani walijaa dirishani, nao wakitoa ushauri bila kuulizwa. Nilipenda saa zile kuliko kitu chochote, Kaka. Mchana kutwa nilikuwa nyuma ya meza ya duka la vitambaa nikipima yadi, hakuna anayeniuliza naona vipi. Jioni dola nzima ilikuwa haiendi bila mimi kuridhika.

Sehemu ya pili ilipokuja, nawe umeshanunua kompyuta nyingine, ikawa ni ile ile, ila na rangi. Tukafurahi sote. Kisha ikaja ya tatu.

Sehemu ya tatu ilikuwa imeondoa zamu. Wakati ulikwenda wenyewe, kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Mwalimu Kazungu anahesabu ghala, huku nyuma adui ameshachoma shamba. Mimi nauliza tuna dhahabu kiasi gani, na kabla sijajibiwa imekwisha. Na wakati ule ule ndipo Otieno alipotuletea habari kutoka kwa baharia mmoja, ambaye yeye alikuwa amemsimulia jinsi tunavyocheza. Baharia alicheka mpaka akakaa chini. Mchezo huu ni wa mtu mmoja, alimwambia. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja, na ya pili pia. Miaka yote ile tulikuwa tukiketi wanne kwenye kiti cha mtu mmoja, na hakuna aliyetwambia.

Mwalimu aliona haya. Mimi niliona kama nimefukuzwa. Wewe, Kaka, uliona mlango umefunguka.

Sikudharau uliyokuwa ukiyasema, hata wakati ule. Ulisema sehemu ya tatu ina uhai, kwamba vita vya kweli havisubiri mtu amalize hesabu, kwamba tukishikilia ya zamani tutazeeka nayo. Otieno akawa upande wako. Mwalimu nami tukasema mchezo wa kukimbizana si wa akili, ni wa vidole. Majirani wa dirishani nao wakagawanyika. Ikafika mahali mama mmoja hamwazimi mwenziwe chumvi kwa sababu ya mchezo ambao wote wawili hawakuwahi kuugusa.

Siku ile ya Ijumaa wewe ndiye uliyekuwa umeshika kipanya. Mji wetu mkuu uliungua huku mimi nasema ngoja, ngoja. Nikakwambia, "Hata radhi hukuniuliza."

Hukugeuka. "Radhi ya nini, Rukia? Mchezo ni wa mtu mmoja."

Ulikuwa umeshapanga kuhamia Mishomoroni, maana harusi yako ilikuwa karibu, na kompyuta ilikuwa yako. Hayo yote nayajua. Lakini ulipoibeba mwezi ule hukuniaga, nami sikutoka chumbani. Harusini tulipeana mikono kama wageni. Baadaye Otieno akawa anakwenda kwako, Mwalimu Kazungu akawa anapita kwetu kunijulia hali, na kati ya Chaani na Mishomoroni pakawa mbali kuliko Maskati ya leo. Idi ikaja, ukatuma mtu na halua, wewe hukuja.

"Mwagombania nini?" Mama aliniuliza.

"Mchezo, Mama."

"Mchezo gani huo wa kuwatoa watu nyumbani? Wallahi hamna haya, nyote wawili."

Niliogopa, Kaka. Wako ndugu waliotengana kwa mambo makubwa, wakapatanishwa na wazee wakarudi. Sisi tungemwendea mzee gani tukamweleze kwamba tumekosana juu ya zamu?

Ramadhani iliyofuata Mama alichoka nasi. Alikaanga kaimati, akazipaka sukari, akazijaza bakulini, akanitia bakuli mikononi. "Mpelekee nduguyo. Na hilo bakuli ulirudishe mwenyewe, usitume mtu."

Nilifika kwako jua linakaribia kuzama. Kabla sijapiga hodi nilisikia kelele ndani. Otieno anapiga mayowe, majirani zako wawili wanamjibu, kila mtu anamwambia mwenziwe hajui kitu. Wifi yangu Maimuna alinifungulia, akanipokea bakuli, akanionyesha ndani kwa kidevu.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, na mchezo juu yake ulikuwa umesimama. Moto umeganda, wapanda farasi wameganda, merikebu imeganda na tanga limejaa upepo. Na wewe umekandamiza kidole kwenye kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, unawatazama mmoja mmoja na kuwauliza: "Nani hajatoa radhi?"

Sikujua kama sehemu ya tatu inaweza kusimamishwa. Hukuwahi kuniambia. Baadaye ulinieleza kwamba ulikigundua kitufe hicho mwenyewe, wiki chache tu baada ya kuhama, kwa sababu ulijaribu kucheza peke yako na hukuona raha yake.

Ulinyanyua macho ukaniona. Nilidhani utasimama, au utaniuliza nimefuata nini. Ukasema tu, "Rukia, hazina imekauka. Njoo utazame."

Nikaketi mkekani, nikatazama. "Nani alikuwa anashika hesabu hapa?"

"Mimi," Otieno akasema.

"Yaonekana."

Ulicheka kwanza wewe. Wallahi sijawahi kusikia kicheko kilichonishusha pumzi vile. Niliinamia kioo ili usiyaone macho yangu, nikajifanya nasoma tarakimu, na hakuna hata moja niliyoiona. Adhana ikatoka tukafuturu kwa kaimati za Mama. Uliponisindikiza barabarani uliniambia, "Mimi nilidhani umenichukia mimi, si mchezo." Nikakwambia nami nilidhani wewe hutaki tena mtu kando yako. Hatujafika mbali ukaanza kunieleza kwa nini zamu ni upuuzi, nami nikakujibu, na tuliendelea kubishana hadi kituoni. Hatujakubaliana mpaka leo. Wewe ni wa mbio na mimi ni wa zamu, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu uhame.

Ndiyo maana nilicheka mbele ya duka. Niliwatazama wale vijana, nikajua sina tena hofu ya mzozo wa namna ile.

Sasa habari yenyewe. Disketi za sehemu ya nne ninazo. Otieno alizipata kwa baharia mwingine, naye kwa kunitania akazikabidhi kwa mweka hazina. Wasemavyo, zamu zimerudi! Nusu ya watu mjini wanasherehekea na nusu wanalia, na wewe najua utalia. Jana jioni niliwaita Mwalimu Kazungu na Otieno, nikawasha kompyuta ile uliyotuachia ulipokwenda Maskati. Sikutaka kungoja hata dakika. Mwalimu naye alikuwa ameshavua miwani akaifuta, tayari.

Otieno ndiye aliyetuzuia. Otieno wako, mtu wa mbio, ambaye hajapata kusubiri chai ipoe. Alizifunika disketi kwa kiganja chake kile kipana, akatutazama.

"Hii kitu haifunguliwi," alisema, "mpaka Salim akuje."

Nami nikasema radhi.

Dadako akungojaye,
Rukia