Mkanda wa Mejumaa

Jumatatu, 1 Julai
Safu kama kawaida: mikanda ya kahawia kulia, myeupe kushoto kabisa. Wanafunzi kumi na wanne. Goti limevimba tena. Mejumaa, binti wa mkanda wa kahawia, kafika kutoka Msambweni, na kabla sijafungua kinywa keshaanza kuwanyoosha wadogo migongo. Siyapendi mambo haya. Mwalimu wa karate hapa ni mmoja.

Ijumaa, 5 Julai
Mejumaa ana habari. Hoteli moja ya Diani inatafuta mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wake wanawake kujikinga. Sharti ni mkanda mweusi. Mtihani wetu ni tarehe kumi na nne, maombi yanafungwa kesho yake. Barua keshaiandika, kanionyesha. Miaka tisa ninamfundisha. Nikamwambia tutaona.

Jumapili, 14 Julai
Nimemfelisha.

Mapigo yake hayakuwa na kosa hata moja. Kwenye fomu nimeandika: hana utulivu. Utulivu! Wenzake walikuwa wanahema, yeye kasimama kwa mguu mmoja kimya. Alisoma, akaikunja karatasi, akainamisha kichwa, akasema asante mwalimu. Bora angenitukana.

Jumatano, 17 Julai
Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa tatu tulipopigana kwa mazoezi alinifagia mguu mbele ya wote. Nilianguka chali. Watu wakacheka. Hiyo ndiyo sababu. Siku tatu nimetafuta nyingine, sina.

Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba mkanda ni kitambaa tu. Mwongo mimi.

Jumanne, 23 Julai
Meneja wa hoteli amepiga simu. Hawakupata mtu. Kasikia Ukunda kuna mwenye mkanda mweusi, na huyo ni mimi peke yangu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mejumaa sijamwambia. Atasikia tu.

Jumamosi, 27 Julai
Aibu tupu. Wanawake ishirini na watatu, wa vyumbani na wa kufua mashuka. Nikamwita mmoja nimshike mkono, nionyeshe namna ya kujinasua. Akaficha mikono nyuma. Wa pili vivyo hivyo. Mama mmoja wa makamo akasimama. "Tuwie radhi, mwalimu. Sisi hatushikwi na mwanamume tusiyemjua. Hapana mwanamke?"

Nikasema yupo. Meneja akaniambia nje: nije naye wiki ijayo, la sivyo nisije.

Jumatatu, 29 Julai
Nimekwenda Msambweni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Mejumaa akanitolea kiti, akaniamkia shikamoo kama siku zote. Nikaishia kumwambia hoteli inahitaji msaidizi. Msaidizi!

Akauliza, "Saa ngapi?"

Mtu mwoga mimi.

Alhamisi, 1 Agosti
Fomu ya mtihani ipo mezani. Ningeweza kuiandika upya leo. Lakini wanafunzi watauliza kimebadilika nini, na nitawajibu nini? Nimeirudisha kwenye faili. Sikulala mchana, goti na moyo vyote vinauma.

Jumamosi, 3 Agosti
Asubuhi tulivu. Mejumaa kafunga mkanda wake wa kahawia. Mimi na mweusi wangu tumepewa kiti cha plastiki karibu na ukuta.

Walimshika, akajinasua. Wakashikana wao kwa wao, wakaanguka, wakacheka, wakasimama tena. Yule mama wa makamo alimwita mwalimu tangu dakika ya kwanza. Rangi ya mkanda hakuna aliyeiuliza.

Mara moja tu alinigeukia. "Mwalimu, tuhesabie." Nikahesabu, moja hadi thelathini, kisha tena. Wanawake wote walikuwa wakimtazama yeye.

Tulipomaliza meneja akaleta daftari la hoteli. Penye nafasi ya mwalimu pameandikwa jina langu. Mejumaa alikuwa kando yangu, anajitanda leso. Nikatia sahihi.