Tairi Nililojifanya Nakagua

Mama watoto,

Lori linanguruma nje, naandika mbiombio. Soda za kwenye friji wape majirani. ~~Nibakizie moja.~~ Zote. Mkate nimeuacha, nimebeba mayai ya kuchemsha na matango. Cheka, ukimaliza ufunge geti.

Kitambi hiki nimekilea mwenyewe kwa chipsi za njiani. Leo asubuhi pumzi ziliniishia kwenye ngazi ya lori. Nikashuka, nikainama, nikajifanya nakagua tairi. Binti yako akaniona kutoka dirishani. Akatoka peku, akainama kando yangu, akalibonyeza. “Liko sawa, baba,” akasema, kisha akakaa pale pale mpaka nilipoacha kuhema.

Usimwulize kitu. Wote wawili tunajua tairi halikuwa na shida.

Baba watoto